Mtu Aliyeipa Mizimu Sauti

Kabla ya kuwasha jenereta alivaa viatu. Nyumbani alitembea peku, shambani peku, hata sokoni kwetu Kabambare, mashariki mwa Kongo, nilimkuta peku, lakini ndani ya banda lake la video hakuingia bila viatu vyeusi vilivyong'arishwa na kufungwa kamba vizuri. Nilimuuliza sababu, maana gizani hakuna anayetazama miguu ya mtu. Akasema watu wa kwenye kioo wote wamevaa viatu, na yeye ndiye anayewasemea.

Tulimwita Mfasiri. Filamu zilimfikia zikiwa kwa Kifaransa, au kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeitambua. Yeye alizima sauti ya mashine, akasimama kando ya kioo na kijiti mkononi, akasema kila kitu mwenyewe kwa Kiswahili cha kwetu: mwanaume, mwanamke, mtoto mchanga, mlango unaolia, mvua kwenye bati. Watu walikuja kumsikiliza yeye. Picha ilikuwa kisingizio.

Ukurasa huu nimeuanza na kuufuta zaidi ya ninavyopenda kukiri. Shule niliiacha katikati ya sekondari. Yaliyobaki nimejifundisha kwa magazeti ya kufungia sabuni na kwa sinema zake, na mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi na hofu kwamba kuna kitu kimoja ambacho wenzake wote walifundishwa siku ambayo yeye hakuwapo. Nikiandika sentensi, naona kama mtu amesimama nyuma yangu akitikisa kichwa. Kwa hiyo nitalisema jambo kubwa sasa hivi, nisije nikalipoteza katika kurekebisha. Kwa sababu ya mzaha mmoja wa Mfasiri, mtu asiye na hatia aliuawa. Mke wa mtu huyo alibaki akihitaji kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kinywani mwa Mfasiri. Mengine yote nitakayoeleza, hata yale ya kuchekesha, yanaelekea huko.

Katika vyote alivyoonyesha, tulipenda zaidi katuni moja ya zamani. Vijana kadhaa na mbwa wao wanazunguka nchi kwa gari. Popote wanapofika kuna mzimu unaofukuza watu. Wanakimbizwa, wanajificha, mwisho wanaukamata mzimu wenyewe, wanauvua uso wa bandia, na chini yake anatokea mtu wa kawaida mwenye hasira. Jina la katuni hatukulijua. Diski ilishikwa na vidole vingi vya jasho mpaka maandishi yakafutika.

Sisi tulicheka. Mfasiri aliitazama kama mtu anayesikiliza kesi ya ukoo wake. Kwanza alishikilia kwamba wale waovu wote, katika visa vyote, ni mtu mmoja.

"Tazameni mabega," alisema huku akigonga kioo kwa kijiti. "Leo ni mulinzi wa hoteli, kesho mwenye shamba, kesho kutwa anauzisha vitu vya zamani. Ni mutu mumoja. Anahama muji kwa muji, anatafuta fasi ya kukaa."

Mwendesha moto mmoja (moto kwetu ni pikipiki), aliyependa ubishi, akamuuliza, kama ni hivyo, wale vijana wanatafuta nini kwake.

"Njo wanamufuata. Weye ulishaona wananunua esanse? Gari inatembea tu. Nani analipa?"

Suala la mafuta lilitushughulisha kwa majuma. Kwetu lita ya petroli inafika kwa baiskeli ndani ya chupa, imeshapita kwenye mikono mingi, na hakuna aliyeweza kuamini gari linalotembea bila mtu kulia. Wengine walisema vijana wanalipwa na serikali. Wengine walisema mbwa ndiye mwenye mali. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuingia bandani, alitoa hukumu yake akiwa anatwanga muhogo: kama mtu anakufuata kila unapohamia, basi ni jamaa yako.

Nadharia ya pili ya Mfasiri ndiyo iliyoota mizizi. Mfasiri alisema kumtambua mzimu hakuhitaji akili, wala kusubiri mwisho. Mtazame yule anayewakaribisha kwanza. Anayefungua mlango, anayewapa kiti na kitu cha kunywa, anayewaambia kwa huruma wasiende kule, kule ni kubaya. Ni huyo. Na hataki kuua mtu, aliongeza. Anataka watu watoke tu, abaki na mahali.

Ukweli ni kwamba katika katuni ile karibu kila mara alipatia. Tulianza kutangaza jina la mwovu mara tu mlango wa kwanza unapofunguka, na tukapiga kelele kwa furaha uso ulipovuliwa. Halafu tukaupeleka mzaha nje ya banda. Ukienda kwa mtu akakuletea kiti haraka, ulimjibu, "Ee, muzimu, aksanti." Katekista aliambiwa hivyo. Imamu aliambiwa hivyo, akacheka na yeye. Hakuna aliyekasirika.

Nilipoanza kukielewa Kifaransa kidogo, niligundua kitu kilichonikosesha raha. Mfasiri hakukijua Kifaransa. Alijua salamu, matusi na majina ya vipuri vya moto. Maneno mengine yote alikuwa akiyatunga. Mwanamke kwenye kioo anasema amepoteza funguo, yeye anasema mumewe amehama na mpangaji. Nilishindwa kunyamaza. Nilimfuata nje baada ya onyesho nikamweleza makosa yote niliyoyakamata, moja baada ya lingine, ingawa alikuwa mkubwa kwangu kwa mbali.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama wa kusahihisha, mimi sifasiri maneno. Ninafasiri sura."

Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine. Kila niliposhindwa kuvumilia kosa, alinipa nafasi niliseme mbele ya wote, akalipokea kwa heshima, akaendelea kama alivyokuwa akifanya. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba wasiwasi wangu si kiburi.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Alicheka mizimu yote ya kwenye kioo, lakini akipita karibu na makaburi alipiga mluzi bila kukata pumzi. Mbwa wa kwenye katuni alimpenda na kumpa maneno matamu kuliko wote, lakini mbwa wa kweli akitokea njiani alirudi nyuma ya wanawake. Filamu za vita alizikataa. Vijana walimletea, wakambembeleza, akasema zile tumeshaziona bure. Ijumaa alikuwa msikitini. Jumapili alikaa kwenye jiwe nje ya kanisa, macho amefumba, na watu wakafikiri anatafuta kuongoka. Hakutafuta kitu hicho. Alikuwa akisikiliza mhubiri anavyovuta pumzi kabla ya kutaja moto wa milele.

Maana sauti zake zote zilikuwa za wizi. Sauti ya malkia ilikuwa ya mama anayesimamia kinu cha muhogo. Polisi wa kwenye kioo alisema kwa Kiswahili chenye Kibangubangu kingi, kama mzee mmoja wa kwetu asiyekubali kushindwa shauri. Shangazi yangu aliambiwa kwamba kuna jini linaloongea kama yeye. Kwa siku mbili akanuna, kisha akaanza kuuliza jini hilo linavaa nini.

Na kulikuwa na sauti ya muganga. Kwetu muuguzi wa zahanati tunamwita muganga. Huyu alikuwa mnene, mpole, na sauti yake ilitokea puani polepole, kana kwamba kila neno linapimwa joto kwanza. Kwa kila mgonjwa alianza na maneno yaleyale: "Pole pole, mama. Inauma wapi?" Hata kwa wanaume alisema mama. Mfasiri aliitumia sauti hiyo kwa watu wema tu: madaktari, mababa, mara moja hata farasi aliyezeeka. Muganga mwenyewe alikaa benchi la mbele, akacheka mpaka akatoa leso, na mkewe pembeni akampiga bega ili anyamaze watu wasikie.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mashamba yetu yalikuwa upande wa kwenda Lusangi, muhogo mlimani na mpunga bondeni. Mtu mmoja alipata dhahabu katika kijito kinachopita huko. Muda mfupi baadaye, jua likikaribia kuzama, kitu kilitoka kwenye matete. Kilikuwa kimevaa nyuzi za mti kuanzia shingoni hadi chini, na uso mweupe wa mbao. Hakikupiga mtu. Kililia, na kikafuata watu wanaokimbia, na kesho yake kikatokea kwenye shamba lingine. Bibi mmoja aliyepakana na shangazi yangu alikimbia akaanguka kijitoni, na waliomrudia walimkuta kifudifudi majini.

Baada ya hapo familia ziliteremka kuja mjini na mikeka na masufuria. Aliyewafungulia lango kwanza alikuwa muganga. Aliwapanga chini ya mapaa yake, mkewe akachemsha maji ya kunywa tangu alfajiri, na kila aliyetaka kurudi kutazama mihogo yake muganga alimzuia. Alimwambia asubiri, kule bado ni kubaya. Wakati huohuo mashamba yetu yalikuwa tayari yamejaa wachimbaji na mahema ya plastiki.

Yeyote aliyewahi kukaa ndani ya banda la Mfasiri anaona ninachokiona nikiandika mambo haya kwa mpangilio huu. Lakini wakati ule hakuna aliyeyapanga. Yalikuwa yamelala tu, kila moja mahali pake, yakingoja mtu wa kuyafunga kamba.

Mfasiri alifungua banda mchana mmoja ili watu wapate kusahau. Watu walijaa, na hawakucheka. Aliweka katuni ileile. Alimsemesha mbwa maneno ya kijinga kuliko siku zote, akaporomoka chini kama mtu aliyeteleza, akalileta jini la shangazi yangu. Watu walikaa kama wako msibani. Kisha mzimu ukatokea kwenye kioo na kufungua kinywa. Na Mfasiri, kwa sauti ya puani, polepole, akasema, "Pole pole, mama. Inauma wapi?"

Nilikuwa benchi la katikati. Nilisikia jenereta nje. Kwenye kioo vijana waliukamata mzimu wakauvua uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mfasiri hakusema neno juu ya uso uliovuliwa. Alisimama na kijiti chake. Muganga hakuwapo. Siku hiyo alikuwa akimzalisha mwanamke mmoja kati ya wale aliowapokea. Vijana wa mabenchi ya nyuma walisimama, wakatoka kabla picha haijaisha.

Aya ya walichomfanyia muganga nimeiandika na kuifuta. Haitaandikwa. Jamaa walimpakia kwenye moto wampeleke hospitali Kasongo, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mwendeshaji ili asianguke. Ilikuwa masika. Alikufa moto ikiwa imekwama topeni, mwendeshaji akiomba msaada kwa watu waliokuwa na mizigo yao wenyewe.

Muganga alikuwa tayari kaburini mzimu ulipotokea tena, kwenye shamba la mpunga upande wa pili wa bonde. Ungefikiri hilo lingetosha. Watu walisema ni mdogo wake. Walisema ni kivuli chake. Baadaye mchimbaji mmoja aliyelewa lutuku alieleza bila aibu kwamba nyuzi zile na uso ule hukaa kambini, na kwamba huvaliwa kwa zamu, kama ulinzi. Zamu yako ikifika unavaa. Hata yeye alishavaa, na vilimwasha shingo. Hakukuwa na mtu mmoja mwenye mabega yaleyale. Kulikuwa na kazi, na watu wa kuifanya.

Lakini neno la mlevi halikufua dafu. Mfasiri alikuwa amesema, na Mfasiri alijulikana kuwa hakosei mzimu. Mjane na watoto wake walitolewa kwenye uwanja wao wenyewe, ambamo wale aliowapokea muganga walikuwa bado wanalala. Wakaenda kukaa kwenye kibanda cha ndugu yake mwisho wa mji. Watoto hawakupata mtu wa kucheza naye. Mama aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, na wanunuzi wakapitia njia nyingine.

Alikuja kwetu mchana, akakataa kiti.

"Weye unajua kuandika na kuulizia watu," aliniambia. "Munitafutie ule mutu. Sitaki kesi. Aje aseme na kinywa yake mwenyewe kama bwana yangu hakukuwa muzimu. Batoto yangu wanapita njia wanaitwa batoto ya muzimu."

Mfasiri alikuwa amekimbilia Kasongo juma lilelile la maziko. Nilimpata kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ameshika debe, pumba zimemjaa kwenye nyusi. Mahali pale kelele ni nyingi kiasi kwamba watu wanaelewana kwa mikono. Sina haja ya kueleza kwa nini alikuwa amepachagua. Aliponiona aliweka debe chini, akatoka nje mbele yangu, akaketi kwenye magunia.

Nilimpa ujumbe wa mjane. Niliuliza swali ambalo nilikuwa nimelirekebisha njia nzima, na likatoka vibaya hata hivyo: siku ile alijua kitu? Aliona kitu?

"Sikuona kitu. Mulikuwa mumekaa sawa watu wa kilio. Nilitaka mucheke. Ile sauti mulikuwa munaipenda."

"Na tuliponyamaza?"

Alifuta pumba usoni kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Kimya ile niliisikia, mama wa kusahihisha. Nikafurahi. Nilizani nimefasiri muzuri kupita siku zote. Njo maana sikusema kitu tena. Sikutaka kuharibu."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande, kama ninavyogeuza sentensi zangu, nikitafuta mahali pa kumsamehe au pa kumhukumu. Nimebaki katikati. Najua furaha hiyo. Ndiyo furaha ninayoitafuta ninapofuta na kuandika tena: watu wanyamaze.

Nilitoa simu nimrekodi, nimpelekee mjane sauti yake. Alisukuma mkono wangu taratibu. Alisema sauti ya ndani ya simu watu watasema ni sinema. Kisha akaingia ndani kumuaga mwenye mashine.

Tulirudi wote wawili nyuma ya mwendeshaji mmoja. Penye tope tulishuka tukasukuma. Mahali pamoja, ambapo sikuuliza ni wapi, alishuka bila moto kukwama akatembea kwa miguu kipande kizima.

Sokoni Kabambare walimtambua mara moja. Habari ikaruka kutoka meza hadi meza kwamba Mfasiri amerudi, na watu wakaacha biashara. Mtu alileta benchi ili apande. Walikuwa na furaha ya kweli. Hawakuwa wamesikia sauti zake tangu maziko. Mjane alikuwa mahali pake na mafungu ya sombe, hakuinuka.

Mfasiri alipanda benchi. Sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia. Ilikuwa nyembamba, ya mzee.

"Muganga hakukuwa muzimu," alisema. "Ni mimi nilimupa muzimu sauti yake. Nilikosea. Mulimuua mutu bure."

Wakacheka.

Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu waliongoja chakula kikafika. Kijana mmoja mwenye kofia ya moto kiunoni aliomba sasa afanye sauti ya mbwa. Mwanamke wa meza ya chumvi alifuta machozi akasema huyu mzee hajabadilika. Mfasiri alinitazama. Nikatafuta neno la kusahihisha katika yale aliyoyasema, kwa haraka, kama nilivyofanya siku zote, na sikulipata. Yote yalikuwa sawa.

Ndipo mjane akainuka. Alikung'uta majani ya sombe kwenye kitenge, akapita kati ya watu waliokuwa bado wanacheka, akasimama kando ya benchi akiwatazama wao, si yeye.

"Rudilia," alimwambia.

Akarudia, maneno yaleyale. Waliocheka walikuwa wachache.

"Rudilia."

Kijana wa kofia alicheka peke yake, akasikia kicheko chake mwenyewe, akainama kama anayetafuta kitu chini. Mama wa chumvi alikuwa amefunika mdomo. Mwanaume mmoja aliyekaa benchi la nyuma siku ile, ambaye mimi namjua na mjane anamjua, alianza kuondoka, na watu hawakumpisha. Sauti ya Mfasiri ilikuwa ikikauka. Alitaka kushuka, na mjane akaweka mkono kwenye goti lake, bila nguvu, akamrudisha.

Upande wa barabara walikuwa wakifika watu wengine, waliosikia tu kwamba Mfasiri yuko sokoni. Walikuja wakitabasamu, wengine wamebeba watoto mabegani ili waone. Mjane aliwangoja wakaribie, wote, mpaka wa mwisho akapata mahali pa kusimama.

"Rudilia," alisema.